Juma la Neno Njia

Wiki mbili zilizopita wifi yangu Atupele alinipigia simu kutoka Bulyaga kuniambia kwamba wamebomoa studio ya Mzee Sefu. Alisema pale sasa kuna kijana anauza makava ya simu, na kwamba ule ubao wa mbele, uliojaa matundu ya pini, mtu ameuchukua kuzibia banda la kuku. Alicheka, maana Atupele hucheka kwanza halafu ndiyo anatazama kama kulikuwa na jambo la kuchekesha. Mimi nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Watu walionifahamu ukubwani wananijua kama mama wa picha, mwanamke aliyezunguka na kamera shingoni mpaka Ziwa Tanganyika, akipiga milima na vivuko na ndege wa kwenye matope. Wakiniuliza nilisomea wapi, huwajibu Tukuyu, nao hudhani kulikuwa na chuo. Hakukuwa na chuo. Kulikuwa na ubao, na kulikuwa na mwaka mmoja ambao sikuruhusiwa hata kupita mbele ya nyumba niliyokuwa nalala.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza la saba, nimeolewa Kawetele. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yalijaa sabuni za kunukia, redio, miavuli ya rangi, na suruali za mitumba zilizoning'inia mpaka barabarani. Mume wangu Ambakisye alikaa na mimi miezi mitatu tu, kisha akaenda Chunya kutafuta dhahabu kama vijana wengine. Aliniachia kamera ndogo nyeusi aliyoinunua Tunduma alipokwenda kufuata robota la mitumba. Alisema, "Nitunzie." Mimi nilisikia "itumie," na mpaka leo nasema masikio yangu siku ile yalikuwa na akili kunishinda.

Nchi nzima ilikuwa ruksa, lakini mimi nilikuwa mkamwana wa mzee aliyeshika mila. Zamani kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe, wala baba mkwe hakumtazama yeye. Familia nyingi za kanisani zilikuwa zimelegeza jambo hilo. Wengine waliishia kuinamisha kichwa kidogo, basi. Baba mkwe wangu, Mzee Mwafula, alikuwa mzee wa kanisa na bado hakulegeza. Nililetwa pale nimefunikwa kitenge kichwani, nikapitishwa kwa nyuma, na tangu siku hiyo dunia yangu ikawa jiko, shamba la migomba nyuma ya jiko, na njia ya nyuma ya kwendea mtoni na sokoni. Mbele ya nyumba kulikuwa kwake. Akitaka kuja upande wetu alikohoa akiwa bado mbali, nami niliacha chochote nilichoshika nikaingia nyuma ya mlango. Maziwa yaliwahi kuchemka yakamwagika yote huku nimesimama nyuma ya mlango nayatazama. Hata jina lake sikutakiwa kulikaribia. Kwa Kinyakyusa mvua ni ifula, na ifula limo ndani ya Mwafula, kwa hiyo mimi niliyeishi mahali panaponyesha karibu kila siku sikuweza kusema kwa lugha ya nyumbani kwamba inanyesha. Nilikuwa nasema kwa Kiswahili. Wageni walimwambia mama mkwe, "Mkamwana wako amesoma sana, anaongea Kiswahili kitupu." Mama mkwe alikuwa anaitikia, "Sana," bila kucheka.

Simsemi vibaya mama huyo. Jikoni kwake nilicheka kuliko nilivyocheka kwetu. Tulikaa watatu, yeye na mimi na Atupele, ambaye alikuwa rika langu, tukimenya ndizi za mbalaga huku moshi ukitafuta pa kutokea. Yeye alituhadithia habari za ujana wake kwa sauti ya chini ili mzee asisikie, na sehemu tamu zote alizisema kwa mkono. Lakini nikikumbuka leo, ninachokumbuka kwanza ni ukuta. Jiko lile lilikuwa na mlango mmoja, na mlango ule ulikuwa na vitu vitatu ndani yake: ukingo wa migomba, njia nyembamba yenye majani, na Mlima Rungwe pale ukungu ulipokubali. Nilijua kila jani la mlango ule. Kulikuwa na siku nilisimama pale na kisu mkononi nikawaza kwamba nitazeeka nikiwa naangalia migomba hiyohiyo, na kwamba Ambakisye akirudi atanikuta nimeota mizizi.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko mimi na Atupele tuliruhusiwa kwenda kuuza ndizi. Huko ndiko nilikoikuta studio. Mzee Sefu alikuwa Mwislamu mwenyeji wa Tabora, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, ambaye hakuwa na miaka mitatu tangu afike. Ndani alikuwa na pazia lenye mchoro wa ndege za abiria, kwa wanaotaka kupigwa picha kama wanasafiri, na nyuma alikuwa na chumba cha giza ambako alisafisha picha mwenyewe. Nje aliweka ubao. Kila Alhamisi aliandika neno moja kwa chaki, na yeyote mwenye kamera alipewa wiki moja alete picha ya neno hilo. Picha zilibandikwa kwa pini, na watu wa soko walisimama pale na vikapu vyao kichwani wakihukumu kama wako mahakamani.

Sikuwa na uwezo wa kununua mkanda mzima. Mzee Sefu alikuwa na mkebe wa filamu ndefu. Aliikata vipande vya picha tano tano gizani, akavijaza kwenye vikopo vya zamani, na mimi nilimletea mkungu wa ndizi. "Picha tano, wiki moja," aliniambia mara ya kwanza. "Usipige ya sita kwa mawazo, utaumwa kichwa."

Tuliokuwa tunaleta picha kila wiki tulikuwa watatu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipiga maua tu, hata neno lilipokuwa "Mzigo" alileta ua lililobeba nyuki, na watu wakakubali. Gwamaka, kondakta wa basi la Mbeya na Kyela, alikuwa anaruka kutoka kwenye basi kila mahali. Neno lilipokuwa "Maji" alileta Daraja la Mungu na mto ukipita chini ya jiwe. Lilipokuwa "Asubuhi" alileta mitumbwi ya Matema imelala mchangani. Mimi kwa maji nilileta tone kwenye jani la mgomba. Kwa asubuhi nilileta Mlima Rungwe kupitia migomba. Kwa "Moshi" nilileta moshi wa jiko letu, na nyuma yake Mlima Rungwe kupitia migomba.

"Huyu wa mlima," alisema mama mmoja muuza nyanya, bila kujua nimesimama karibu naye, "amefungwa kamba?"

"Labda ni mlima unaomfuata," alijibu mwenzake.

Atupele alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Usiache kucheka hata ukiwa peke yako, nikajiambia njiani, lakini sikuweza.

Mzee Sefu hakucheka. Siku moja alizipanga picha zangu kumi na mbili juu ya meza, akaziangalia huku anakunywa chai ya rangi. "Mwanangu Tusekile," akasema, "hizi zote zimepigwa na mtu aliyejificha. Tazama. Kila mahali kuna kitu mbele, jani, fremu ya mlango, moshi. Wewe unachungulia." Nilidhani ananikosoa, nikaanza kuzikusanya. Akaniwekea mkono juu yake. "Nasema ni nzuri. Gwamaka anaona vingi, lakini hatazami. Wewe una jicho la mtu mwenye njaa." Halafu ndipo akasema lile lililonifanya nishindwe kula siku mbili. Macho yake yalikuwa yanachoka na dawa za chumba cha giza. Alitaka mtu wa kumfundisha kusafisha picha na kupiga, Jumatatu mpaka Jumamosi, na baadaye ampeleke kupiga picha za mashamba ya chai na za barabara ya ziwani, maana wenye hoteli za Mbeya walikuwa wameanza kuulizia kadi za posta. "Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi ujao," alisema. "Ukishindwa nitamchukua mpwa wa jirani."

Ruhusa ilikuwa ya Mzee Mwafula, na mimi sikuweza kumwomba. Ombi lilitoka kwangu likaenda kwa mama mkwe, likakaa siku mbili likitafuta saa nzuri, likapelekwa mbele na sahani ya ndizi. Jibu lilirudi bila maneno: sahani ilikuwa tupu. Wiki ya kwanza mama akasema mzee anafikiri. Wiki ya pili akasema mzee hapendi mkamwana wake akae barabarani ambako wazee wa rika lake wote wanapita, atajificha mara ngapi. Wiki ya tatu hakusema kitu, akanipa maharage nichague. Niliyachagua punje moja moja. Zilibaki Alhamisi mbili nyingine mwezi uishe, na Mzee Sefu aliandika ubaoni: NJIA.

Nilikuwa na njia moja tu ya kupiga. Jumanne alfajiri ukungu ulikuwa mzito, ule wa Tukuyu unaoingia mpaka ndani ya chungu, na njia ya nyuma ilitoka mlangoni ikapotea baada ya hatua kumi. Nilifikiri: hiyo ndiyo picha, njia inayokwenda kusikoonekana. Nilisimama mlangoni, nikaweka jicho kwenye kidirisha cha kamera, nikangoja. Nikaona weupe mtupu na migomba miwili. Hakuna aliyekohoa. Nikabonyeza mara moja, ukungu ukasogea kidogo, nikabonyeza tena, nikarudi kwenye moto.

Tulimpelekea Mzee Sefu kikopo kupitia kwa Gwamaka, na Alhamisi tulipofika sokoni tulikuta watu wamejaa mbele ya ubao kuliko siku zote. Picha yangu ilikuwa imewekwa katikati, kubwa mara mbili ya nyingine. Mwanzoni sikuitambua. Njia ilikuwepo, na migomba, lakini ndani ya ukungu alikuwa amesimama mzee, jembe begani, koti limelowa mabegani, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Alikuwa na uso mpole wenye mashavu yaliyoingia ndani, na jicho moja dogo kuliko lingine. Nilimpenda mara moja, kama unavyompenda mtu kwenye picha. Nikadhani Mzee Sefu amechanganya picha.

Nikamuuliza Atupele, "Huyu mzee ni nani?"

Atupele alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka. Aliweka kiganja mdomoni akasema, "Tusekile. Huyo ni baba."

Nilikuwa nimeishi naye uwanja mmoja mwaka na zaidi. Nilijua kikohozi chake, hatua zake, jinsi anavyokoroga uji, sala anayoisali kabla ya kulala. Sura yake nilikuwa naiona pale, sokoni, pamoja na wauza nyanya. Na kila mtu wa Kawetele aliyekuwa sokoni alikuwa anaiona na alijua nani ameipiga, kwa sababu chini ya picha Mzee Sefu, maskini, alikuwa ameandika jina langu kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi wazee wakaja. Walikuwa ndugu watatu wa baba mkwe, na wao pia sikutakiwa kuwatazama, kwa hiyo nilikaa kwenye chumba cha mahindi kilichopakana na sebule, nimeegemea magunia, mama mkwe amekaa mlangoni kwangu ili aweze kupitisha maneno. Walichanganya Kinyakyusa na Kiswahili, maana mambo ya picha hayakuwa na maneno ya nyumbani. Nilisikia vikombe. Nilisikia mkubwa wao, mwenye sauti nene, akisema mkamwana amemtazama baba mkwe mchana kweupe, na kwa chombo, na kisha akamtangaza sokoni kama mbuzi.

"Picha si mtu," alisema wa pili.

"Kama si mtu, ulimtambuaje?"

Kisha yule mwenye sauti nene akasema jambo hili ni chafu, lazima lisafishwe, baba wa binti alete ng'ombe, na kamera iwekwe mbali mpaka Ambakisye arudi.

"Ndugu yangu," akasema wa tatu, ambaye alikuwa mdogo wao na mpenda utani, "si limeshasafishwa studio? Lisingesafishwa tusingeliona."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mimi sikuwa na cha kuficha. Nilikuwa nawaza habari ya kamera. Kama ikiwekwa mbali, kazi ya kwa Mzee Sefu imekwisha, na siku zilizobaki zilikuwa kumi. Niliwaza baba yangu anaswaga ng'ombe wetu mmoja kutoka Kisondela kwa sababu ya picha moja ya ukungu. Magunia yalinuka vumbi la mahindi na panya. Nilitamani nipige chafya nikajizuia, kwa kuwa hata chafya yangu niliona itahesabiwa.

Ndipo baba mkwe aliposema. Alikuwa hajasema tangu wafike.

"Muulizeni," akasema, "alinilenga mimi?"

Mama mkwe akageuza uso kwangu, ingawa nilikuwa nimesikia. "Baba anauliza ulimlenga yeye?"

"Mwambie sikumwona, mama. Niliona ukungu tu."

"Anasema hakukuona. Aliona ukungu."

"Ndiyo," akasema Mzee Mwafula. "Mimi nilimwona." Kikombe kiliwekwa mezani. "Nilikuwa natoka kuangalia mfereji. Nikamwona mlangoni, ameweka kile kitu jichoni. Nilitaka kukohoa. Nikaona amesimama kwa utulivu sana, kama mtu anayevizia ndege. Nikasema nikikohoa nitamharibia. Nikasimama mpaka amalize."

Mwenye sauti nene akamuuliza taratibu, kama anayeuliza mgonjwa, "Ulisimama, kaka?"

"Nilisimama. Kwa hiyo aliyevunja ni mimi. Jogoo wa kuchinja nitatoa mimi, na ng'ombe wa Kisondela mwacheni ale majani." Kisha akaomba aonyeshwe picha yenyewe. Atupele alikuwa ameiondoa ubaoni, akaipeleka. Nilisikia karatasi ikishikwa. "Nimezeeka," akasema. "Mbona hamkuniambia?" Akampa mama mkwe akaiweke ndani ya Biblia.

Walikula jogoo yule siku ileile, na mila haikuisha. Naomba nieleweke hapo. Niliendelea kuingia nyuma ya mlango akija jikoni, miaka mingine minne, mpaka nilipompelekea mjukuu wa pili. Lakini jioni ile, mama mkwe akiniongezea mchuzi, alisema kana kwamba ni habari ya chumvi, "Baba anasema Jumatatu uende mjini. Na upite mbele. Njia ya nyuma ina utelezi, utafika studio na matope." Nikauliza nitapitaje mbele na yeye anakaa pale kila asubuhi. "Amesema yeye ndiye atajua," akajibu.

Jumatatu ile anga lilikuwa limefunguka. Nilivaa gauni langu la kanisani, kamera mkononi, nikafuata ukuta wa nyumba upande ambao mguu wangu haukuwahi kukanyaga. Nikafika kona. Mzee Mwafula alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, lakini alikuwa amekigeuza. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na ukuta, kiasi cha kuweza kuuramba, mikono juu ya magoti, na mgongo wake wote amenipa mimi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akijifanya anafagia. Nikapiga hatua mbili, kisha nikageuka kutazama alikokuwa akitazama yeye siku zote.

Sikuwahi kuambiwa. Kule nyuma nilikuwa na mlima na migomba, nikadhani ndiyo Kawetele yote. Mbele ya nyumba ile ardhi ilikuwa inashuka, chai kwanza, kijani kibichi kama imekatwa kwa mkasi, halafu mabonde, moja ndani ya jingine, na vijito vya moshi vya nyumba za watu, na mbali kabisa chini, baada ya tambarare ya Kyela, mstari wa maji uliong'aa. Lilikuwa ziwa. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima mgongo kwa mgongo na ziwa. Nilisahau kwamba natakiwa kupita. Nilisimama katikati ya uwanja wa baba mkwe wangu, mdomo wazi, na yeye hakugeuka, wala hakujitikisa, aliendelea kutazama udongo wa ukuta kana kwamba umeandikwa kitu.

"Pita basi, mwanangu," mama mkwe akaninong'oneza, akifagia mahali pamoja. "Mzee shingo inamuuma."

"Mwacheni," baba mkwe akauambia ukuta. "Mwacheni atazame."